Stephen Keshi: Nahodha Aliyebaki Nahodha Hata Kwenye Benchi la Ufundi

Jioni ya Februari 10, 2013, katika Uwanja wa Soccer City jijini Johannesburg, Nigeria iliifunga Burkina Faso bao 1-0 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya kulikosa kwa miaka 19. Kesho yake, kabla kikosi hakijarudi nyumbani na kombe lenyewe, kocha Stephen Keshi alisikika katika kipindi cha redio nchini Afrika Kusini akieleza kwamba ameshaamua kujiuzulu. Sababu yake haikuwa siri. Wakati timu inajiandaa kwa robo fainali dhidi ya Ivory Coast, alipata habari kwamba wakubwa wa soka nchini mwake hawakuwa na imani kuwa itavuka hatua ile, kiasi cha kushughulikia mapema safari ya kuirudisha nyumbani, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mbioni kutimuliwa. Aliyameza hayo yote, akashinda robo fainali, akashinda nusu fainali, akashinda fainali, ndipo akasema. Waziri wa michezo alizungumza naye, na siku iliyofuata Keshi akabatilisha uamuzi wake.

Wapo waliomwona kuwa mtu wa hasira za karibu. Mimi nakisoma kisa hiki kwa namna nyingine. Kocha aliyezoea ukocha peke yake angetumia ushindi ule kudai nyongeza ya mshahara, au angenyamaza na kuufurahia. Keshi alifanya jambo ambalo alikuwa akilifanya tangu ujana wake katika timu ya taifa: alingoja mechi iishe, kisha akawageukia viongozi na kuwaambia kwamba heshima ina mipaka yake. Hiyo ni tabia ya nahodha. Kadiri ninavyoifuatilia safari yake ya miaka zaidi ya thelathini, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hakuwahi kuacha kuwa nahodha, na kwamba mafanikio yake yote kama kocha, pamoja na migogoro yake yote, yalitoka katika chemchemi hiyo moja.

Alizaliwa Januari 23, 1962 katika mji wa Azare, kaskazini mwa Nigeria, ingawa asili ya familia yake ni Illah, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Delta. Alisoma Lagos katika Chuo cha Saint Gregory's, shule ambayo ilikuwa na jina kubwa katika soka la wanafunzi, akapitia klabu ya ACB, kisha akahamia New Nigerian Bank ya Benin City. Alikuwa beki wa kati, mrefu, mwenye kichwa kizuri na sauti iliyosikika hadi upande wa pili wa uwanja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tayari alikuwa timu ya taifa, na mwaka 1984 alikuwa katika kikosi kilichofika fainali ya Afrika mjini Abidjan na kufungwa na Cameroon mabao 3-1.

Jambo lililogeuza maisha yake lilitokea mwaka uliofuata. Chama cha soka cha Nigeria kilimfungia, yeye na wachezaji wengine kadhaa, kwa kosa la kutoripoti kambini kama walivyoagizwa. Katika zama zile adhabu kama hiyo ingeweza kumzika mchezaji kabisa, kwa sababu hapakuwa na mawakala waliozagaa Afrika Magharibi wakitafuta vipaji. Keshi alivuka mpaka akaenda Ivory Coast, akachezea Stade d'Abidjan na baadaye Africa Sports, na kutoka huko akapata njia ya kwenda Lokeren nchini Ubelgiji. Mwaka 1987 alisajiliwa na Anderlecht, klabu kubwa kuliko zote nchini humo, akakaa hadi 1991. Alitwaa nayo Kombe la Ubelgiji mara mbili na ubingwa wa ligi mara moja, na mwaka 1990 alifika nayo fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya, ambako walifungwa na Sampdoria katika muda wa nyongeza.

Leo tumezoea kuona nusu ya kikosi cha taifa lolote la Afrika Magharibi ikitoka Ulaya, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba lazima awepo aliyetangulia. Kwa Wanigeria, aliyetangulia katika njia ya Ubelgiji ni Keshi. Wengi waliomfuata waliikuta njia imeshakanyagwa, na wamekuwa wakisema waziwazi kwamba yeye ndiye aliyewafungulia mlango. Adhabu iliyokusudiwa kumkomoa ndiyo iliyoifungulia Nigeria kizazi cha 1994, kile kilichotwaa ubingwa wa Afrika. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu lilimfundisha Keshi, akiwa na umri wa miaka 23, kwamba chama cha soka kinaweza kukosea na maisha yakaendelea, na somo hilo hakulisahau hata alipokuwa akilipwa mshahara na watu wa ofisi hiyo hiyo.

Alirudishwa timu ya taifa, akavaa kitambaa cha unahodha, akafungwa tena na Cameroon katika fainali ya 1988 mjini Casablanca, safari hii kwa bao moja la penalti. Kisha akaja kocha Mholanzi Clemens Westerhof mwaka 1989, na kwa miaka mitano hawa wawili wakaijenga timu ambayo wapenzi wengi wa soka barani bado wanaitaja kama bora kuliko zote zilizotoka Nigeria. Wachezaji walimwita Keshi “Big Boss”, na jina hilo halikuwa la mzaha. Posho ikichelewa, yeye ndiye aliyekwenda kuuliza. Mchezaji mpya akifika kambini na woga, yeye ndiye aliyempokea. Mwalimu alikuwa na mbinu zake ubaoni, lakini chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa mikononi mwa nahodha.

Aprili 1994, nchini Tunisia, hatimaye kombe likapatikana kwa ushindi wa 2-1 dhidi ya Zambia, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imepoteza karibu kikosi kizima katika ajali ya ndege karibu na pwani ya Gabon. Mabao yote mawili ya Nigeria yalifungwa na Emmanuel Amuneke. Keshi alikuwa nahodha wa kikosi kile, lakini umri na majeraha vilikuwa vimeshamwondoa katika orodha ya wale wanaoanza kila mechi. Katika Kombe la Dunia la Marekani, miezi michache baadaye, alicheza mechi moja tu, ile ya tatu ya kundi dhidi ya Ugiriki. Alikuwa amelisubiri Kombe la Dunia kwa zaidi ya miaka kumi, na lilipofika akalitazama kwa sehemu kubwa akiwa amekaa.

Nadhani hapa ndipo ukocha wake ulipoanzia, kabla hajapata cheti chochote. Kukaa benchi ukiwa nahodha ni mtihani wa aina yake. Ukinuna, timu nzima inakuona na kugawanyika. Ukijifanya huumii, vijana watajua unawadanganya. Lazima utafute namna ya kubaki kiongozi bila kuwa na nafasi uwanjani, na mtu aliyeivuka hali hiyo salama anakuwa amejifunza jambo ambalo kozi za ukocha hazina somo lake. Miaka 19 baadaye, kama nitakavyoeleza, alimpa mchezaji mwingine mtihani ule ule.

Kozi zenyewe alikwenda kuzitafuta Marekani. Alihamia California katikati ya miaka ya 1990 ili kusomea ukocha, huku akiendelea kucheza katika timu ndogo ya Sacramento Scorpions iliyodumu muda mfupi. Aliyecheza naye pale alikuwa Mnigeria mwenzake wa kikosi cha 1994, Augustine Eguavoen, ambaye jina lake litarudi. Alimalizia soka lake Malaysia, katika klabu ya Perlis.

Aliporudi nyumbani, mwaka 2001, aliingia katika benchi la ufundi la Super Eagles, timu ya taifa ya Nigeria, kama msaidizi wa Amodu Shuaibu. Nigeria ilikuwa taabani katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2002. Amodu, Keshi na Joe Erico waliichukua, wakaishindia mechi za mwisho, wakaifuzisha. Kisha wakaipeleka katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Mali mwanzoni mwa 2002, ikashika nafasi ya tatu, na kwa nafasi hiyo ya tatu wote wakafungashiwa virago. Kombe la Dunia likaenda na benchi jingine.

Mwaka 2004 akakabidhiwa Togo, nchi ndogo ambayo haikuwa na historia yoyote ya kuzungumzwa katika soka la dunia. Ilikuwa kundi moja la kufuzu na Senegal, iliyokuwa imetoka kufika robo fainali ya Kombe la Dunia, pamoja na Zambia, Mali, Congo na Liberia. Togo ilianza kwa kufungwa na Zambia. Baada ya hapo haikupoteza mechi tena. Emmanuel Adebayor, kijana mrefu wa miaka ishirini, alifunga mabao 11 katika kampeni ile, na Oktoba 8, 2005 mjini Brazzaville, katika mechi ambayo wenyeji waliongoza mara mbili, Togo ikageuza matokeo na kushinda 3-2. Senegal ikaachwa nyuma. Togo ikawa na tiketi ya kwenda Ujerumani 2006.

Nimewahi kusikia hoja kwamba ilikuwa kazi ya Adebayor peke yake. Siikubali. Mshambuliaji mmoja anaweza kukupa mabao, lakini hawezi kukupa timu inayoamini kwamba inaweza kurudi mchezoni mara mbili ugenini katika mechi ya mwisho. Imani ya namna hiyo hujengwa kambini, na Keshi alijua kuijenga kwa sababu alikuwa amekaa kambini maisha yake yote ya utu uzima.

Hata hivyo, tabia ile ile iliyoijenga Togo ndiyo iliyomgharimu. Katika fainali za Afrika za Januari 2006 nchini Misri alikosana na Adebayor hadharani, akamwanzisha benchi mechi ya kwanza, na Togo ikafungwa mechi zote tatu: na DR Congo, na Cameroon, na Angola. Nahodha wa zamani hakuwa tayari kumwona mchezaji mmoja, hata awe nyota kiasi gani, akijiweka juu ya kundi. Kwa kanuni alikuwa sahihi. Kwa hesabu za mechi hakuwa. Mwezi Februari kibarua kikaota nyasi, na Mjerumani Otto Pfister ndiye aliyekwenda Ujerumani na timu. Huko Togo ikapoteza mechi zote na mgogoro mkubwa wa posho ukaifanya igonge vichwa vya habari kuliko soka lake. Kwa mara ya pili katika miaka minne, Keshi alikuwa amelima na mwingine akaenda kuvuna.

Aliifundisha Togo tena kwa muda, kisha mwaka 2008 akachukua Mali, timu iliyokuwa na Frédéric Kanouté, Seydou Keita, Mahamadou Diarra na Mohamed Sissoko, wachezaji wa klabu kubwa za Ulaya. Kipindi chake pale kinakumbukwa kwa mechi moja. Januari 10, 2010, mjini Luanda, katika ufunguzi wa fainali za Afrika, Mali ilikuwa nyuma kwa mabao 4-0 mbele ya wenyeji Angola hadi dakika ya 79. Ikafunga bao moja, likaingia la pili dakika za mwisho, na katika dakika za nyongeza yakaingia mawili mengine. Ikawa 4-4. Lakini ikaondolewa katika hatua ya makundi licha ya kuifunga Malawi, na Keshi akaondoka. Sitakaa sana hapo. Mali ile ilikuwa na viungo bora kuliko kiungo chochote alichowahi kupata, na matokeo hayakulingana na vipaji. Ni sehemu dhaifu ya kazi yake.

Novemba 2011 Nigeria ikamwita. Chini ya Samson Siasia, mwenzake mwingine wa 1994, timu ilikuwa imeshindwa kufuzu fainali za Afrika za 2012. Keshi alianza na jambo lililowaudhi wengi: aligeukia ligi ya ndani. Aliita vijana wanaocheza nyumbani, akakaa nao kambini kwa muda mrefu, akawajaribu katika mechi za kirafiki, na alipotangaza kikosi cha Afrika Kusini 2013 kilikuwa na wachezaji sita wa ligi ya Nigeria. Majina makubwa kama Peter Odemwingie, Obafemi Martins na Taye Taiwo hayakuwemo. Odemwingie alilalamika waziwazi mtandaoni. Keshi hakurudi nyuma.

Katikati ya ulinzi, nafasi yake mwenyewe ya zamani, hatimaye aliwasimamisha Godfrey Oboabona, mwenye umri wa miaka 22 kutoka Sunshine Stars ya nyumbani, na Kenneth Omeruo, mwenye miaka 19. Nahodha wa timu, Joseph Yobo, mchezaji mwenye mechi nyingi kuliko yeyote katika kikosi kile, akajikuta benchi baada ya mwanzo wa mashindano. Ni rahisi kumweka benchi beki aliyechoka. Ni vigumu kumweka benchi nahodha aliyechoka bila kuivunja timu. Yobo hakunung'unika. Aliingia uwanjani dakika za mwisho kabisa za fainali, na yeye ndiye aliyelinyanyua kombe. Sina shaka kwamba aliyempa nafasi ile alikuwa anakumbuka mwaka 1994.

Mashindano yenyewe yalianza vibaya. Burkina Faso ilisawazisha katika dakika za majeruhi za mechi ya kwanza. Zambia, mabingwa watetezi, walisawazisha kwa penalti iliyopigwa na kipa wao, Kennedy Mweene. Dhidi ya Ethiopia bao halikupatikana hadi dakika ya 80, Victor Moses alipofunga penalti ya kwanza kati ya mbili. Nigeria ikavuka kundi kwa shida, na ndipo yakaja yale maneno ya tiketi za ndege. Upande wa pili, Ivory Coast ilikuwa na Didier Drogba, Yaya Touré na kizazi ambacho kila mtu alisema huu ni mwaka wao.

Mechi hiyo ya robo fainali, iliyochezwa Rustenburg Februari 3, ndiyo ninayoiona kuwa kilele cha ukocha wa Keshi, kuliko hata fainali. Hakuizuia Ivory Coast kwa kujaza mabeki. Aliwaacha vijana wake wakimbie. John Obi Mikel alituliza mpira katikati, Ogenyi Onazi akawasumbua viungo wa Ivory Coast kila walipougusa, na Emmanuel Emenike akafunga kwa mpira wa adhabu wa mbali uliomshinda kipa Boubacar Barry. Cheick Tioté akasawazisha mara tu baada ya mapumziko. Timu isiyo na imani ingerudi nyuma hapo. Dakika ya 78, Sunday Mba, kiungo wa ligi ya ndani ambaye nje ya Nigeria karibu hakuna aliyemjua, aliuchukua mpira, akakimbia nao akiwapita walinzi, akapiga shuti lililomgonga beki na kubadili mwelekeo hadi wavuni. Katika nusu fainali Mali, timu ya zamani ya Keshi, ikachapwa 4-1. Katika fainali, dakika ya 40, mpira uliogonga beki ulimwangukia Mba huyo huyo. Akauinua kwa mguu wa kulia juu ya mlinzi na kuupiga kwa kushoto kabla haujagusa chini. Bao hilo moja likatosha.

Kwa ushindi huo Keshi akawa mtu wa pili kulitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa mchezaji na akiwa kocha, baada ya Mmisri Mahmoud El-Gohary, aliyelitwaa uwanjani mwaka 1959 na kwenye benchi mwaka 1998. Lakini kwangu jambo kubwa zaidi ni namna alivyolitwaa. Kabla ya mashindano hayo alikuwa amesema wazi kwamba mashirikisho ya Afrika yanawakimbilia makocha wa Kizungu wasio na uwezo wowote wa ziada, yakiwapa mishahara na muda ambao mwenyeji hapewi. Alitukanwa kwa kauli ile. Kisha akaenda kuithibitisha kwa kijana wa ligi ya ndani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliiona timu ile kwa karibu katika mwaka huo huo, kwa sababu Kenya ilikuwa nayo kundi moja katika safari ya kwenda Kombe la Dunia la Brazil 2014. Machi 2013 mjini Calabar, Harambee Stars iliongoza kwa mpira wa adhabu wa Francis Kahata hadi dakika za majeruhi, Nnamdi Oduamadi aliposawazisha. Juni, Kasarani, bao la Ahmed Musa likaja zikiwa zimebaki dakika chache. Mechi zote mbili zilionyesha kitu kile kile: Nigeria ya Keshi haikuwa ikikutesa kwa soka la kuvutia, lakini haikukubali kwamba mechi imekwisha. Ilikuwa ukaidi mtupu, na ukaidi huo ulikuwa wa mtu mmoja kabla ya kuwa wa timu.

Mwezi huo huo kikosi kilichelewa kwenda Kombe la Mabara nchini Brazil kwa sababu wachezaji waligoma wakiwa Namibia, baada ya shirikisho kupunguza posho zao. Walifika siku moja tu kabla ya mechi ya kwanza. Keshi mwenyewe alikuwa akidai mishahara ya miezi kadhaa. Hebu fikiria hali hiyo: bingwa wa Afrika, kocha bora wa bara kwa mwaka 2013, hajalipwa, na anatakiwa kuwashawishi wachezaji wasigome kwa kutolipwa. Kocha mwingine angechagua upande wa mwajiri. Keshi alikuwa katikati, na moyo wake, kama ilivyokuwa siku zote, ulikuwa kwa wachezaji.

Brazil 2014 ilikuwa Kombe la Dunia la kwanza alilolifikia akiwa kocha mkuu na timu aliyoifuzisha kwa mkono wake. Alitoka sare tasa na Iran katika mechi isiyo na ladha, akaifunga Bosnia kwa bao la Odemwingie, ambaye alikuwa amemsamehe na kumrudisha, akafungwa 3-2 na Argentina katika mechi nzuri ambayo Musa alifunga mawili na Lionel Messi mawili. Nigeria ikaingia hatua ya 16, na Keshi akawa kocha wa kwanza Mwafrika kuifikisha timu hatua hiyo. Kisha wachezaji wakasusia mazoezi kwa ajili ya posho, siku chache kabla ya kukutana na Ufaransa. Mechi hiyo waliicheza vizuri kwa zaidi ya saa nzima, hadi Paul Pogba alipofunga kwa kichwa dakika ya 79, na mwisho Yobo akajifunga.

Baada ya hapo ni masikitiko. Mkataba uliisha, akaondoka, akarudi bila mkataba. Congo ilikuja Calabar na kushinda 3-2. Sudan ikashinda Khartoum. Oktoba 2014 alifukuzwa, Amodu Shuaibu akatajwa kushika nafasi yake, kisha ofisi ya rais ikaingilia kati na Keshi akarudishwa. Novemba, sare ya 2-2 na Afrika Kusini mjini Uyo ikamaanisha kwamba bingwa mtetezi hatakuwepo katika fainali za 2015. Alipewa mkataba mpya Aprili 2015 na akafukuzwa Julai, jina lake lilipoonekana katika orodha ya waombaji wa kazi ya ukocha wa Ivory Coast, jambo alilolikanusha. Katika kipindi hiki lazima niseme kwamba hata uwanjani alikuwa amepwaya. Wale vijana wa ligi ya ndani walikuwa wamekwishatawanyika, na hakuwa ameandaa wengine. Nahodha huwapigania watu alionao leo. Kuwaandaa wa miaka minne ijayo ni kazi ya aina nyingine, na hakuwahi kuachwa mahali kwa muda wa kutosha ili aijifunze.

Desemba 2015 mkewe, Kate, alifariki kwa saratani baada ya kuugua kwa muda mrefu. Keshi alimfuata mapema Juni 2016, ghafla, mjini Benin City, akiwa na umri wa miaka 54. Siku chache baadaye, kabla Nigeria haijamaliza kumlilia, Amodu Shuaibu naye akafariki. Watu hawa wawili waliifuzisha nchi yao kwenda Kombe la Dunia la 2002 na wakaachwa. Amodu aliifuzisha tena kwenda Afrika Kusini 2010, na aliyesafiri na timu akawa Msweden Lars Lagerbäck. Miezi miwili baada ya misiba hiyo Nigeria iliajiri Mjerumani, Gernot Rohr. Uwanja wa Asaba, makao makuu ya Jimbo la Delta, ukapewa jina la Keshi.

Kwingineko Afrika hoja yake imeshinda. Katika Kombe la Dunia la Qatar 2022 timu zote tano za Afrika ziliongozwa na makocha Waafrika, na Morocco ya Walid Regragui ikafika nusu fainali. Nyumbani kwake mambo yamekwenda polepole zaidi. Aprili 2024 Finidi George, winga wa kikosi cha 1994, alikabidhiwa Super Eagles. Juni, baada ya sare na Afrika Kusini na kufungwa na Benin, shirikisho likaamua kuleta mtaalamu wa kigeni awe juu yake, naye akajiuzulu. Akaitwa Augustine Eguavoen, yule yule wa Sacramento, kukaimu kwa mara nyingine. Aliifuzisha timu kwenda fainali za Afrika zilizofuata, na Januari 2025 kazi ikaenda kwa Éric Chelle, aliyewahi kuichezea na kuifundisha Mali. Chelle ni Mwafrika na mwanasoka wa zamani, na kwa hilo Nigeria imepiga hatua kutoka ilipokuwa mwaka 2002. Ila aliyeifuzisha timu, kwa mara nyingine, siye aliyekwenda nayo.